Siku Niliyosoma Karatasi Nisiyoielewa

Mwanangu, naikumbuka siku Kofia Bluu walipotuaga pale kijijini kwetu Mwabulenga, na kila nikiikumbuka natamani mdomo wangu ungekuwa umeshonwa.

Kofia Bluu ndilo jina tuliloipa kampuni iliyochimba dhahabu kwenye kilima chetu, kwa sababu ya zile kofia ngumu za wafanyakazi wake. Walichimba mpaka kilima kikawa shimo. Dhahabu ilipopungua wakafungua mashine zao, wakapakia, kisha wakaitisha mkutano kwenye uwanja wa shule. Mimi nilikuwa na miaka kumi na tisa. Darasa la saba nilimaliza kwa kusukumwasukumwa, lakini nilikuwa nimefanya kazi jikoni kwao miezi sita, na tangu hapo nilitembea kijijini kama mtu aliyetoka Ulaya. Hata kisimani nilisalimia watu kwa Kiingereza. Kumbe Kiingereza changu chote kilikuwa cha chai na sahani.

Meneja wao, Gordoni, akatoa karatasi mbili zilizoandikwa Kiingereza. Masanja, mwenyekiti wetu wa kijiji, akasimama kwa mbwembwe.

"Hatuhitaji mkalimani wa mjini. Tunaye binti yetu. Milembe, njoo utusomee."

Nikazishika. Jina la kijiji nililiona, nikalisoma kwa sauti. Neno la maji nililijua. Mengine yote yalikuwa siafu tu kwenye karatasi. Nikamtazama Gordoni, naye akanitazama. Yule bwana alijua, mwanangu. Miezi sita alikuwa akiniagiza chai kwa kunyooshea birika kidole. Alijua, akatabasamu, akaninyamazia.

"Wanatushukuru," nikasema. "Na wanatuachia vitu vyao."

Watu wakapiga makofi. Bibi Minza, jirani yetu aliyekuwa mzee kuliko wote pale uwanjani, akanyoosha mkono.

"Mjukuu wangu, karatasi mbili nzima ni shukrani tu? Huo mstari wa chini kabisa unasemaje?"

"Unasema hivyohivyo, Bibi. Kwaherini."

"Kwaheri gani ndefu namna hiyo?"

"Bibi, waache waende," Masanja akamwambia. "Au unataka wakupakie na wewe?"

Uwanja mzima ukaangua kicheko, na mimi nikacheka nao. Watu wakapanga foleni ya kuweka dole gumba. Bibi Minza alilikunja lake ndani ya ngumi, akaondoka nalo.

Vitu tulivyoachiwa vilikuwa nailoni. Nailoni nyeusi, nene, iliyotandikwa chini ya bwawa walimomwaga maji ya kuoshea dhahabu, yale yenye dawa. Bwawa lilikuwa limekauka kwa jua, tukashuka na mapanga, tukakata vipande. Wengine waliezekea, wengine walikingia maji ya mvua. Sisi nyumbani tulitandika uani tukaanika michembe, vile viazi vitamu vya kukatwa. Bibi Minza aliendelea kuanika vyake juu ya mwamba, kama alivyofanya tangu ujana wake, na sisi tukimcheka kwamba hataki maendeleo.

Mvua zikaja. Bwawa likajaa, na kwa kuwa chini hapakuwa tena na kitu cha kuzuia, maji yakanywea ardhini na kutokea mtoni. Ng'ombe walianza kuanguka palepale walipokunywa. Mikono ya mama yangu ikababuka. Mdogo wangu Kabula, aliyekuwa akiiba michembe kabla haijakauka vizuri, akaanza kuumwa tumbo. Hatukumaliza naye mwaka. Hakuna daktari aliyeniandikia kwamba ilikuwa nailoni, au maji, au nini. Nakuambia nilichokiona tu.

Wazee wakaenda wilayani kulalamika, nikaenda nao. Ofisa mmoja, hata kiti hakutupa, akatoa karatasi zile mbili na kutusomea kwa Kiswahili. Kijiji kimekagua eneo na kuridhika. Kijiji kimepokea nailoni kwa hiari yake. Maji yakileta madhara kwa watu au mifugo, kampuni haitahusika. Chini yake madole yetu yamepangana, na jina langu kama msomaji.

Tuliporudi nilikwenda kwa Bibi Minza. Nilimkuta anamenya karanga. Nilimwamkia, akaitikia, hakuacha kumenya.

"Kutokujua Kiingereza si kosa," akaniambia. "Mimi sikijui mpaka nazeeka. Ungesema 'sijui', tungerudi nyumbani, kesho yake tungemtafuta anayejua. Wewe ulikimbia aibu ya nusu saa, mjukuu wangu."

Akanisogezea ungo, tukamenya pamoja.

Sasa mimi ni mtu mzima, nafungasha mboga kwenye ghala hapa Downsview, mtaa wa jiji la Toronto nilikohamia, na uchungu haujaisha, nisikudanganye. Wenye makosa nawataja. Gordoni, aliyejua nisichojua akanyamaza. Masanja, ambaye jenereta la kampuni lilibaki uani kwake. Yule ofisa wa wilaya. Na mimi, Milembe.

Mwezi uliopita binti yangu Neema, aliyezaliwa hapahapa Toronto, alipata kazi ya kutafsiri. Kiswahili chake ni cha nyumbani na cha kanisani. Alifurahi mno, akaona hatimaye ataacha kuuza kahawa. Siku moja mchana nimetoka kazini, napika, yeye yuko mezani na kompyuta.

"Mami, wana shamba wanaitwaje kwa Kiswahili, wale wenye ng'ombe?"

"Wafugaji. Unaandika nini?"

Akanisomea. Kijiji kingine, kilima kingine, lakini sentensi ileile. Eneo limekaguliwa, wameridhika, maji yakidhuru watu au mifugo kampuni haitahusika. Kumbe ni Kofia Bluu walewale, wamebadilisha jina mara mbili. Ofisi yao iko hapa mjini, vituo vichache vya treni ya chini ya ardhi kutoka kwetu. Nikazima jiko, nikamsimulia haya niliyokusimulia wewe.

Akanijibu kwa Kiingereza, kama kawaida yake: akikataa, watampa mwingine.

"Usikatae," nikamwambia. "Andika ili Bibi Minza aelewe."

Akaandika: *Mkiweka dole hapa, maji haya yakija kuwaua nyinyi, watoto wenu au ng'ombe wenu, hamtaidai kampuni kitu.* Maana haikuongezwa wala kupunguzwa. Wakamrudishia, wakasema lugha ni kali, ailainishe. Akawauliza kwa imeili ni neno gani lisilo la kweli. Wakachukua karatasi zao, na kazi nyingine haijaja.

Alininunia, sikumlaumu. Siku zikapita mlango wake umefungwa. Juzi akatoka, akaniwekea chai mbele yangu.

"Mami, Kabula alikuwa na miaka mingapi?"

"Sita."

Akakaa karibu nami, tukainywa.

Ndiyo sababu nimeandika, na mwandiko wangu huu wa kubahatisha. Karatasi zile bado zinamtafuta kijana anayejua Kiswahili, na vijana hao ni nyinyi, wa Downsview, wa Thorncliffe, popote. Huenda kesho zikakufikia. Basi mwanangu, usipozielewa, sema hujui, hata kama ukumbi mzima unakutazama na mwenyekiti amekusifia. Ukizielewa, ziandike kwa maneno ambayo bibi yako angeyaelewa akiwa na dole lake hewani. Wakikuambia ulainishe, waulize wanamficha nani. Utakosa kazi, ndiyo, na mimi mama yako sitakuambia hilo haliumi.

Mungu akupe ulimi usioona haya kusema sijui. Akupe maji safi popote utakapoishi, na watoto wako waile michembe yako wakue wakuzidi kimo.