Mzungu Alivyorudi Kwao Bila Kujenga, Tukamfungia Blanketi

Wakuu, heshima zenu. Niko Doha, na haya niliyashuhudia mwenyewe, sikuhadithiwa.

Ilikuwa miaka ile uchumi wa Ulaya ulipoyumba. Nilikuwa mapokezi ya hoteli moja hapa, degree yangu ya sociology imelala ndani ya sanduku.

Mkataba wangu ulikaribia kuisha na nilitamani sana kurudi Nakuru. Shida ni kwamba sikuwa nimejenga. Sikuwa nimenunua hata kuku.

Kazini kulikuwa na Mreno, Rui. Umri wangu, degree kama yangu. Kwao ajira zilikauka, akakimbia kama mimi. Ila yeye aliitwa expat, mimi leba, yaani kibarua. Sijui nani hugawa hayo majina pale airport.

Siku moja akaniambia anarudi kwao.

"Umepata kazi?"

"Hapana."

"Umejenga?"

"Nijenge nini? Nimemkumbuka mama. Na supu yake."

Wakuu, nimesoma nadharia za uhamiaji, push factors, pull factors, zote. Supu haimo.

Nikamweleza Wanjala, dereva niliyekaa naye chumba kimoja mtaa wa Najma. Akashtuka.

"Mtu haendi kwao mikono mitupu, bana! Hata kama ni mzungu."

Ijumaa, baada ya kanisa kule Mesaimeer, tukachanga. Tukanunua lile blanketi zito la picha ya chui, ambalo watu wetu hawatoki Gulf bila kulibeba. Wanjala akalifunga kamba na kuandika jina la Rui kwa marker, lisipotee njiani.

Rui alicheka. "Lakini mama ana mablanketi."

"Wangu pia anayo," Wanjala akajibu. "Sasa?"

Alipofika akanitumia picha. Mama yake amemkumbatia airport, analia. Blanketi liko sakafuni, hakuna anayeliangalia.

Hiyo picha ilinivunja. Nikampigia mama, nikamsimulia yote.

"Mama, na mimi nikija hivyo hivyo, bila kitu?"

Nikaanza kulengwa na machozi.

"Baba," akasema, "hilo la chui mlimpa mzungu?"

"Ndiyo, mama."

"Na langu?"

Nikasaini mkataba mwingine.

Msimlaumu mama. Majirani wote wanalo.

Nilichojifunza: kijana wa Ulaya huondoka kwa sababu zile zile zetu. Tunaachana kwenye kurudi. Kwao wanamsubiri yeye. Kwetu wanasubiri begi, na mimi ndiye niliyelibeba.

Kama kuna aliyerudi mikono mitupu na akafunguliwa geti kwa furaha, atuambie hapa chini. Wanjala anashikilia kwamba hayupo.