Kufuli la Kisima cha Mama Somoe

Harufu ya kutu na mafuta ya nazi, zikichanganyika, hunirudisha Newala hata niwe wapi. Juzi nilikuwa kwa fundi baiskeli, akashika mnyororo uliokufa kwa kutu, akautonea mafuta ya nazi, na mimi nikasimama pale kama nimeitwa jina. Fundi akaniuliza kama nina shida. Ningemwambiaje mtu baki kwamba nimemkumbuka mjomba wangu na makufuli yake? Nikamwambia sina shida, nikaenda zangu.

Mjomba Issa, kaka yake mama, alikuwa fundi cherehani. Lakini cherehani ilikuwa kazi tu, mapenzi yake yalikuwa makufuli ya zamani. Ilikuwa miaka ya ruksa, biashara imeachiwa huru, bidhaa zimefurika sokoni, na kila mwenye nyumba alitaka kufuli jipya linalong'aa. Ya zamani yalitupwa, na mjomba akayaokota. Aliyajaza kwenye kasha la sabuni chini ya cherehani: ya shaba, ya chuma, mengine yametoka kwenye milango ya maduka ya ushirika yaliyokwisha fungwa, mengi hayana ufunguo. Mkewe alilichukia lile kasha. Alisema mume wake ameoa mke wa pili, na huyo mke mwenyewe ana kutu.

Mimi nililipenda. Nikitoka shule nilikaa chini pale, na mjomba akaacha suruali ya mtu ikingoja ili anifundishe. Akishika kufuli analipima kwa kiganja, analinusa, haki ya Mungu analinusa, analitonea mafuta ya nazi likiwa na kutu, kisha anachungulia tundu la ufunguo na kuingiza kijiti. Kijiti kikigonga chuma kisichocheza, hilo ni la kuta: ndani mna vijikuta vya chuma vya kuzuia ufunguo wa mtu mwingine, basi, hakuna zaidi. Ukipata kitu chembamba cha kupenya katikati ya kuta, umefungua. Lakini kijiti kikisukumwa kirudi taratibu, hilo ni la vibati. Ndani mna vibati vyembamba vimepangwa, kila kimoja na springi yake, na kila kimoja lazima kiinuliwe kwa kimo chake ndipo kufuli likubali. La kuta nililiweza nikiwa na miaka tisa, kwa spoku ya baiskeli aliyoiponda na kuipiga tupa. La vibati lilinitoa jasho na machozi, sikuliweza.

Sharti lake lilikuwa moja. Hufungui kufuli isipokuwa ni lako, au mwenyewe amekuomba. Nilimwapia.

Sasa, anayeijua Newala anajua habari ya maji. Bomba likikauka, ni kushuka mteremko hadi chemchemi ya bondeni na kupanda tena na ndoo kichwani. Mwenye nyumba ya bati alichimba kisima cha kuvunia maji ya mvua, akakisakafia, akakiwekea mfuniko wa chuma na kufuli. Watu wa kwetu walifunga maji kabla ya kufunga nyumba. Na ndoo ya kisimani na kamba yake havikulala nje hata siku moja, viliingizwa ndani kama watoto.

Nyumba yetu ilikuwa ya nyasi. Tulichota kwa jirani yetu, Mama Somoe, mwanamke mrefu, mkavu, asiyecheka ovyo. Tulichota hadi mbuzi wake alipokula makopa ya muhogo ya mama yaliyoanikwa uani. Wakatupiana maneno, na mama yangu, ambaye hasira zake zilitangulia akili, akaapa mbele ya watu kwamba watoto wake hawataomba tena tone la maji ya kisima kile. Mama Somoe akajibu kwamba naye hambembelezi mtu. Mbuzi mwenyewe akachinjwa siku ya Idi, akaliwa, akasahaulika. Ugomvi ukabaki.

Kisha mama akajifungua mdogo wangu, na bomba likakauka wiki ileile. Baba alikuwa Mtwara anatafuta kazi. Mkunga akasema mama anywe uji mwingi, la sivyo maziwa hayatashuka. Uji wa maji gani? Nilishuka bondeni alfajiri, nikarudi jua la utosini na ndoo moja iliyomwagika nusu. Mtoto alilia hadi sauti ikamkauka, akabaki anafungua mdomo tu. Sijasahau ule mdomo.

Asubuhi ya tatu nikamwona Mama Somoe anakwenda shamba, njia ya Chilangala, jembe begani. Nikachukua spoku yangu, ndoo yetu na kamba. Kufuli la kisima nililijua siku nyingi: la kuta, la zamani, tundu pana. Niliiangusha spoku mara mbili. Kisha likasema tak, likaachia. Nikachota ndoo moja, nikafunga, nikafuta hata nyayo zangu kwa tawi.

Mama alinitazama nilivyorudi mapema na ndoo iliyojaa. Akaniambia nibandike sufuria. Alikunywa uji, na jioni ile mtoto akanyonya mpaka akalala.

Nikaenda kesho yake, na keshokutwa. Nikawa nakwenda kila siku Mama Somoe akiondoka, na nikajiona bingwa. Siku ya nne kufuli likafunguka laini kabisa, halikunibishia, nikadhani mkono wangu umekomaa. Siku ya tano nikakuta ndoo na kamba pale pale kwenye mfuniko. Nikamhurumia Mama Somoe. Nilisema moyoni, maskini, uzee umemwingia, ameanza kusahau vitu nje.

Siku ya sokoni ndipo nikaingiwa na hofu. Nilimwona kwa macho yangu anachagua kufuli jipya, kubwa, na muuzaji akamwonyesha ufunguo wake wenye ngazi ngazi. La vibati. Usiku ule sikulala, nilimsikiliza mdogo wangu anavyopumua. Asubuhi nikaenda nikiwa tayari kulia. Kisimani palikuwa na kufuli lilelile la zamani. Jipya lilikuwa linaning'inia kwenye banda la kuku.

Nilicheka, msinihukumu. Nilimwona mjinga, anafungia kuku wanne kwa chuma kile na maji anayaacha kwa spoku ya mtoto. Nikachota ndoo mbili.

Mvua zikanyesha. Mama alipotimiza siku arobaini za uzazi alimfunga mtoto mgongoni, akanipa bakuli la mbaazi, tukaenda kwa Mama Somoe. Hawakusema neno la mbuzi wala la maji. Mama Somoe alimpokea mtoto, akampapasa mapaja, akasema ananenepa vizuri. Mama akaanza kulia. Mimi nikatazama kuku.

Miaka ikapita. Mama Somoe alifariki nikiwa masomoni mbali, sikumzika. Mwaka jana nilikwenda Lisekese, mjomba anakoishi sasa kwa binti yake. Macho yamefifia, lakini kasha liko chini ya kitanda. Tulikaa tunapapasa makufuli, na nikaona bora niutue mzigo. Nikamwambia mjomba, lile sharti lako nililivunja, nilikuwa nafungua kisima cha Mama Somoe.

Akacheka hadi akakohoa.

"Alikuja kwangu, mwanangu," akasema. "Siku ya soko. Ameshika makufuli mawili, jipya mkono huu na la zamani mkono huu. Akaniuliza, 'Fundi, katika haya, mtoto analiweza lipi?'"

Mjomba akapapasa mpaka akaupata mkono wangu.

"Nikamwonyesha la zamani. Akasema alirudi siku moja kuchukua mundu aliousahau, akakuona unapigana nalo, kutu imelishika. Ndiyo maana siku za nyuma alikuwa amekwisha niomba mafuta ya nazi, hakusema ya nini. Kwa hiyo sharti hukulivunja. Mwenyewe alikuomba ufungue."