Barafu Iliyonukia Majani Chai

Juzi friji yangu ilikataa kuacha kutengeneza barafu. Fundi alisema kihisi chake hakitambui tena kwamba trei imejaa. Alipokuwa akikipangusa, vipande viliendelea kudondoka, nami nikasikia mvua ya mawe ikipiga mabati ya kwetu Merigi, nilipokuwa mtoto.

Alasiri ile mvua ya mawe ilipokatika, shamba letu la chai lilinukia vizuri, kama kiwanda cha majani chai. Sikujua ni majani yetu yaliyosagwa na mvua ile. Nilijaza barafu kwenye bakuli, nikamkimbilia Mama nikicheka.

"Mama, ona! Mungu ametuletea!"

Alikuwa mlangoni, akitazama michai iliyobaki vijiti. Hakunigombeza. Aliimimina barafu kwenye sufuria, akaichemsha, akanipa kikombe cha maji matupu.

"Kunywa," alisema. "Mavuno yetu ndiyo hayo."