Faini ya Mama

Mwaka ule nilikuwa karani wa mizani kwenye shamba la ngano la serikali, upande wa Hirbadaw, na nilikuwa nabishana na kila mtu. Dereva wa tela akilalamika kuwa mizani imempunja, nilimjibu mpaka anawasha trekta na kuondoka zake. Nilijiona wakili tayari. Kilichobaki ni chuo kikuu kukubaliana nami.

Chuo kikuu hakikukubali. Alama zangu za kidato cha sita zilipungua kidogo kwa shahada, nikapewa nafasi ya cheti cha sheria kwenye chuo kingine. Cheti kingenifikisha kwenye uhakimu wa mahakama ya mwanzo, na mimi nilitaka uwakili. Nikienda, niliogopa nitaishia hapo hapo. Nikisubiri, ningerudia mtihani na kuomba tena mwakani, lakini nafasi ile ingekwenda kwa mwingine, na nani alinihakikishia kuwa mtihani ungenipenda safari ya pili?

Baba alitaka niende. "Ngoja ngoja huumiza matumbo," aliniambia kila nilipopita mbele yake. Mwalimu wangu wa zamani, mtu wa Bukoba aliyeletwa huku kufundisha na asiondoke tena, alitaka nisubiri. "Haraka haraka haina baraka, binti." Nilimkubalia kila mmoja kwa siku yake, na usingizi ukanipaa.

Mwishowe baba akachoka. Chuo kikiwa karibu kufunguliwa, akawaita wazee wa jirani nyumbani kwetu Balangdalalu, kama wanavyoitwa pale ng'ombe wa mtu wanapoingia shamba la mwingine. Mama akapika pombe. Niliona aibu kweli, masomo yangu kuwekwa kwenye baraza la kesi za ng'ombe! Lakini nikawaamkia, "Shikamooni," nikaketi pembeni.

Baraza letu lilikuwa na sheria moja ngumu. Alisema mtu mmoja, aliyeshika fimbo, na wengine walisubiri amalize. Aliyedakia alitozwa mtungi wa pombe. Mwenye shauri aliulizwa mwisho, na aliyegawa pombe hakuwa na zamu kabisa.

Basi wakasema. Mmoja aliuliza kama hakimu anapewa pikipiki. Mwingine alieleza kwa kirefu kesi yake ya mpaka, akasahau kabisa kwamba mimi nipo. Nilijiuma ulimi mpaka ukauma kweli. Fimbo ikamfikia mwenyekiti, mzee ambaye shamba lake lilipakana na letu.

"Mimi naona asubiri," alisema. "Mwaka mmoja si kitu. Atulie hapa nyumbani, halafu..."

"Atasubiri akiwa wapi?"

Ilikuwa sauti ya mama. Alikuwa amesimama katikati yao na kibuyu mkononi. Baba akainamisha kichwa.

"Mama, umedakia," mwenyekiti alisema.

"Nimedakia, mzee wangu. Nitozeni. Lakini mnijibu kwanza, mahindi yenu yako wapi sasa hivi?"

Kila mtu alijua. Yalikuwa ardhini, na mvua ilikuwa haijadondosha hata tone. Kwetu tulipanda kwenye vumbi, kwa kuwa udongo ule mweusi ukishalowa hauingiliki. Mwaka uliotangulia matrekta ya shamba la serikali yaliingia shambani baada ya mvua, yakazama mpaka ekseli, na ng'ombe wetu ndio walioitwa kuyavuta.

"Mvua mnaisubiri mbegu ikiwa chini," mama alisema. "Sijaona hapa anayeisubiri na mbegu ghalani. Huyu naye akaisubiri shahada yake huko huko darasani. Mtu akishaingia huko, haruhusiwi kuomba tena?"

Wote wakanigeukia.

"Anaruhusiwa," nikasema.

Wakili mzima, neno moja! Miezi yote ile nilikuwa nimebishana kwenda au kusubiri, na haikunijia hata mara moja kwamba ningeweza kufanya yote mawili. Nilifurahi mpaka nikataka kumkumbatia mama mbele ya wazee, jambo ambalo nalo lingetuletea faini.

Faini yake haikusamehewa. Mtungi mmoja, mwenyekiti aliamua, utakaolipwa siku binti atakaporudi na shahada.

"Na hii mnayokunywa kaipika nani?" mama aliuliza. Hapo alikuwa amedakia tena, wakajifanya hawakusikia.

Nikaenda. Niliporudi na cheti, mama aliwapelekea mtungi uliojaa nusu, akawaambia sheria yenyewe imefika nusu. Nikawa hakimu wa mahakama ya mwanzo. Niliomba shahada nikakataliwa, nikaomba tena, nikapata.

Siku ya kulipa ile nusu iliyobaki, mama alikuwa hawezi tena kuinua mtungi. Niliubeba mimi. Wazee wakanipa fimbo kwa mara ya kwanza maishani mwangu, nikasimama na hotuba yangu niliyoiandaa njia nzima. Sikumaliza sentensi ya kwanza.

"Sema kwa sauti, mwanangu," mama alidakia. "Masikio yangu siku hizi hayashiki vizuri, na nimesubiri sana kukusikia."

Mwenyekiti akanitazama, akingoja nimwambie sheria inasemaje. Nikaanza upya, kwa sauti.