Pijo ya Mzee Ooko Yaelekezwa Mteremkoni

Jambo la kwanza nililoliona kwa jirani yangu, Mzee Walter Ooko, ni leso zake mbili. Moja ni ya kufutia jasho, nyingine ni ya kufutia boneti ya gari, na ya boneti ndiyo nyeupe zaidi. Kila asubuhi, kabla ya chai, hulipangusa gari ambalo halijatoka uani kwake hapa Manyatta tangu Krismasi ya mwaka juzi.

Ni Pijo 504 ya mwaka 1978. Mzee aliiendesha miaka kumi na tisa akiwa dereva wa chama cha ushirika cha wakulima wa miwa. Chama kilipokufa, akapewa gari badala ya kiinua mgongo. Wenzake walipewa mashine za kuchapa. Mpaka leo anaamini kwamba yeye ndiye aliyeupunja ushirika.

Binti yake Dolphine, aliyeolewa Asembo, anataka kujenga vyumba vya kupangisha pale gari liliposimama. Kesho, Jumamosi, mama yake, Mama Dorca, ataenda kwa mkwewe kwa mara ya kwanza, na ziara hiyo hufanywa kwa heshima, pamoja na kina mama wenzake na vyakula. Mzee ameapa kuwapeleka kwa Pijo.

"Baba, hii kitu itatuaibisha kwa watu," Dolphine alisema. "Ikifika Asembo, ikae hapa mpaka uchoke nayo. Isipofika, Jumatatu inaenda kwa wanunuzi wa vyuma chakavu kule Mamboleo."

Mzee aliupokea mkono wake wakakubaliana. Hakutaja kwamba Pijo haiwaki bila kusukumwa.

Jumapili iliyopita, baada ya kanisa, mkwe mwenyewe, Griffins, alikuja na gari lake jipya jeusi, refu kama kibanda cha askari, ili awashawishi wazee wasafiri kwa starehe. Kwa haki nililichunguza. Milango yake hujifunga polepole, kamera yake huona nyuma, na kioo hujipangusa chenyewe mvua inapoanza. Pijo ina mpini mmoja tu wa kufungulia vioo, nao hupitishwa kutoka abiria mmoja hadi mwingine. Hesabu yangu ilikuwa wazi: gari jipya lilishinda kwa kila kipimo.

Griffins akafungua mlango wa mbele. "Mama, tazama hiki kiti." Akabonyeza kitufe, kiti kikalala chali taratibu. Akavua viatu, akajinyoosha juu yake. Kwenye kiti cha nyuma nikaona mto na blanketi. "Nikitoka Nairobi hulala hapa hapa. Hata nyumbani sipati usingizi kama huu."

Mama Dorca aliweka kikombe chini, akageuza uso ukutani. Kwetu mama mkwe hakaribii kitanda cha mkwewe, wala hamtazami akiwa amelala.

"Baba Dolphine," alimwambia mumewe, "mwambie mkwe wako avae viatu."

"Ni kiti tu, Mama!" Griffins aliruka.

"Muulize pia, hilo blanketi ni la nani?"

Griffins akalikunja blanketi lake haraka. Dolphine akafunika uso kwa kanga. Mzee Ooko alitoa leso, ile nyeupe, akapangusa boneti ya Pijo ingawa ilikuwa safi.

"Basi gari lako libebe kuku, baba," alimwambia mkwewe kwa upole. "Kuku hawana wakwe."

"Na makubaliano yako pale pale," Dolphine alisema. "Isipofika, Mamboleo."

Kwa hiyo hekima yangu yote ya vipimo imeishia hapo. Wiki nzima Wechuli, fundi wa Kibuye, amelala chini ya Pijo. Leo jioni alitoka akiwa mweusi mpaka masikioni, akatangaza kwamba itawaka.

"Yenyewe?" Mzee akauliza.

"Na msaada kidogo."

Tukaisukuma pamoja mpaka langoni, ikatazama mteremko. Mpini wa vioo umeoshwa. Kuku wanne wamefungwa miguu, wanangoja gari la kifahari. Mama Dorca amewatumia kina mama watatu wa kanisa watakaomsindikiza ujumbe mmoja: waje saa kumi na mbili asubuhi, wavae nguo zao za kuendea harusini, na viatu visivyo na visigino.