Lori la Masanja na Oili Iliyopotea

Ipo siku moja, mwanangu, nikiikumbuka nashusha macho hata kama niko peke yangu gereji. Nilikuwa kijana, nimerudi Biharamulo na cheti changu cha ufundi kutoka Mwanza, na jamani, nilijiona! Ovaroli nilikuwa naivaa mpaka sokoni, watu wajue fundi anapita.

Miaka hiyo kambi za Lukole zilikuwa zimejaa wakimbizi, na malori yalipanda na kushuka milima ya Ngara kila siku yakipeleka mahindi. Moja liliendeshwa na Masanja, Msukuma aliyehamia Nyamigogo na mke, watoto na mama yake mzee. Mtu mpole, hana makuu. Tajiri wake, mwenye lori, akalileta kwangu: kila safari linapungukiwa oili karibu lita mbili, na inakokwenda haijulikani.

Nikaingia chini ya injini. Pakavu, hakuna hata tone. Nikawasha nikatazama bomba. Moshi wa buluu wa oili inayoungua sikuuona. Nikafungua rejeta, maji safi, hayakuchanganyika na oili. Masanja alikuwa amesimama pembeni, akasema, "Fundi, asubuhi nikifungua mitungi ya upepo wa breki, inatema uchafu mweusi. Hebu tazama na huko."

"Wewe shika usukani wako, injini niachie mimi," nikamjibu. Alinizidi kama miaka kumi na mitano, mwanangu. Mtu wa kumwamkia shikamoo, nami nikamjibu hivyo mbele ya tajiri wake.

Hapo nilikuwa nimefika mwisho wa elimu yangu. Neno lililotakiwa ni "sijui", lakini na cheti kile ukutani, ningelitoa wapi? Nikamwambia tajiri, "Injini ni nzima. Oili haina miguu. Muulize dereva wako." Neno mwizi sikulitamka, na kwa muda mrefu nilijitetea kwa hilo, lakini nani asingeelewa? Ulimi hauna mfupa.

Masanja akafukuzwa kazi siku hiyohiyo. Habari ikamtangulia nyumbani, na wazee wa kitongoji chao wakakaa, wakamtenga kwa wizi. Kutengwa ukikusikia hivihivi utadhani ni jambo dogo. Hakuna wa kukupa moto wala chumvi, hakuna wa kukusalimu kisimani, na ukifiwa unazika mwenyewe. Mwezi wa pili wa kutengwa kwake, mama yake akafariki. Masanja alichimba kaburi na shemeji yake mmoja aliyetoka mbali. Mimi habari hizo zilinikuta ninakula, nikaendelea kula.

Lori nalo likaendelea kupoteza oili, na dereva ni mwingine! Hata hilo halikunizindua. Nikasema madereva wote ni walewale. Dereva huyo mpya hakuwa na desturi ya kufungua mitungi, na baada ya wiki kadhaa breki zikaanza kulegea mteremkoni. Tajiri akaogopa, akalirudisha lori gerejini kwangu, na safari hii akamwita fundi mzee kutoka Bugarama, mtu ambaye sidhani kama alikuwa na cheti hata cha ubatizo. Injini hakuigusa. Aliweka karai chini ya mtungi wa upepo, akafungua koki. Ikatoka oili, mwanangu, nyeusi, nzito, mpaka karai likafika nusu. Kompresa inayojaza upepo ilikuwa imelika ringi, inaivuta oili ya injini na kuisukuma kwenye mitungi. Ndiyo yaleyale aliyoniambia Masanja.

Mzee, ambaye tajiri alikwisha kumsimulia habari za Masanja, akanigeukia. "Yule wa kwanza ulimsikiliza?"

Nikalishika lile karai, nikalisogeza pembeni.

"Ulipokosa pa kutafuta kwenye chuma, ukamtwika mtu. Chuma ukikikosea unakifungua tena. Mtu utamfungua kwa spana gani?"

Nilikwenda Nyamigogo na karai lile mkononi. Nikasimama mbele ya wazee, nikasema yote, na siku hiyo wakamwondolea Masanja adhabu. Yeye hakunitukana, heri angenitukana. Alinipa kiti, akasema, "Siku zake za mwisho mama alikuwa anauliza mbona majirani hawaji kumwona. Nikamwambia mvua imewahi, wako shambani. Akasema basi atawasubiri jioni."

Nililia, sina la kuficha. Masanja alinisamehe kwa kinywa chake mwenyewe. Lakini mama yake nitamwomba radhi wapi? Majuto ni mjukuu, mwanangu, na huyu wangu nimezeeka naye.

Siku hizi ninyi mna mashine mnazochomeka kwenye injini zikawasomea ubovu, na ni vizuri. Lakini oili ikipotea bila dalili, kagua na mitungi ya upepo, na kabla ya yote muulize anayelala na lile lori barabarani. Kuuliza si ujinga. Ukifika mwisho wa ujuzi wako, sema sijui. Utaona aibu siku moja tu, na kesho yake utajifunza. Usimtaje mtu ili ufunike usichokijua, maana maji yakimwagika hayazoleki. Tangu hapo nimetengeneza malori mengi mno, na hakuna hata moja lililompelekea yule mama jirani wa kumwona.

Mungu akupe mikono myepesi na ulimi mzito, mwanangu. Na huu mzigo wangu, akuepushe nao.