Bi Mwanamize na Daftari Lililofunguliwa kwa Nyuma

Ukiacha kuomba mwisho mwema, Bi Mwanamize wa Kiuyu, miaka sitini na minane, alitaka kitu kimoja tu: kusoma mwenyewe ujumbe wa simu wa dada yake aliyeko Mombasa. Msomaji wake alikuwa mkaza mwanawe, Ruweida, asomaye kama anayeadhini. Wali haujaiva, Kiuyu nzima imeshajua mgongo wa nani unauma.

Akajiandikisha kisomo cha watu wazima. Wajuzi wa semina husema wazee hawasomi kwa sababu ya macho. Macho yapo! Kinachokosekana ni majirani wenye adabu.

"Bi Mize kenda skuli! Watafuta kazi au mume?" wakampigia kelele barazani.

"Vyote viwili, na katika nyinyi simtaki hata mmoja," akajibu, akapita.

Siku ya kwanza mwalimu Asma aliwaambia waandike "baba". Bi Mwanamize akafungua daftari ukurasa wa mwisho, akashika kalamu, akaanza kutoka kulia kwenda kushoto. Mzee Kificho, aliyekaa naye benchi moja, kuandika hakujua, ila kucheka alikuwa na shahada.

"Bibi aandika kinyumenyume!"

Darasa zima likaangua kicheko. Bi Mwanamize akafunga daftari, akatoka, asirudi.

Siku ya nne Asma alimfuata nyumbani. Akamkuta mkekani, miwani puani, msahafu mbele yake, Yasini ikimtoka kama maji. Asma akangoja amalize.

"Kumbe wasoma, Bi Mwanamize!"

"Hii si kusoma, mwanangu. Hii Kurani. Nilipelekwa chuoni kwa maalimu nina miaka saba."

"Basi umesoma miaka sitini na moja, ukaja kwangu kujiandikisha mjinga. Herufi za chuoni zilikuwa ngapi?"

"Ishirini na nane."

"Zangu hazifiki hata hizo."

Bi Mwanamize akavua miwani, akaifuta kwa pembe ya kanga muda mrefu kuliko ilivyohitaji.

"Na Kificho?"

"Mwache acheke."

"Kificho chuo alitoroka," akasema taratibu. "Aliishia herufi ya kwanza, alifu."

Kesho yake alikaa benchi la mbele. Mkono ulikimbilia kulia mara mbili. Mara ya tatu ukatii.

Miezi mitano baadaye ujumbe ukaingia. Ruweida akanyoosha mkono, simu asipewe. Bi Mwanamize alisoma kwa kidole, neno baada ya neno, mpaka chai ikapoa.

"Anasemaje, mama?"

"Anakusalimu," akasema, akageukia ukutani, akaanza tena mwanzo.